Baba Anacheza Maiti

Kapend alikuja na kamera ya kuazima
na karatasi nne alizoziita filamu.
Alitafuta sebule ya watu wa heshima:
makochi yenye vitambaa vya kufuma,
kabati la sahani zinazosubiri wageni,
picha ya ndoa ukutani, imepinda kidogo.
Katuba nzima ilimwelekeza kwetu.

Kisa ni hiki: baba wa nyumba amekufa,
ila familia haitaki kupoteza pensheni.
Wanamvika tai, wanamketisha mezani,
kila Jumapili wanamkaribisha bukari,
na jirani akichungulia dirishani
kitinda mimba anavuta kamba,
mkono wa marehemu unapunga.

"Nani atacheza maiti?"
Hakuna aliyejibu. Tulimgeukia Baba,
ambaye tangu Kampuni imrudishe na bahasha
hukaa kiti kile kile, macho ukutani,
kana kwamba ukuta una zamu ya usiku.
Akasema, neno lake la kwanza tangu Pasaka:
"Ninaweza."

Na aliweza, jamani!
Inzi alimtembea kwenye kope, hakupepesa.
Dada yangu Mwewa alicheza binti, yaani yeye mwenyewe,
akamlilia mpaka wanja ukamfika shingoni,
akamwambia mambo yasiyokuwa kwenye karatasi:
ya ada, ya yule mwalimu wa Likasi,
ya mlango uliobaki na komeo usiku wa mvua.
Kapend akanong'ona, "Endelea, endelea."
Umeme ukakatika.
Tulikaa gizani, maiti na sisi,
tukingoja taa irudi ndipo tuhuzunike tena.

Mama alikataa kucheza mke.
"Nimecheza miaka thelathini na sita," alisema,
"bila kamera."
Alisimama nyuma ya pazia akisahihisha:
"Msimwekee kichwa cha samaki, yeye ni mtu wa mkia."
Zamani, alitusimulia, Kampuni ilimtuma bibi mwenye daftari
akague nyumba za wafanyakazi,
ainame chini ya vitanda, afunue vyungu,
ahesabu watoto kama anahesabu vikombe.
"Alitupa nane juu ya kumi
kwa kuwa familia.
Mpaka leo sijui zile mbili zilipotelea wapi."

Filamu ilionyeshwa uani kwa Mama Ngosa,
kwenye shuka ya kitanda cha watu wawili,
jenereta ikikohoa kuliko waigizaji.
Watu walicheka hadi viti vya plastiki vikapasuka.
Walicheka karani wa malipo alipodai sahihi
na kidole gumba kikabebwa kama kijiko.
Walicheka padri alipomsikiliza marehemu kitubio
na kumsifu kwa unyenyekevu.
Mjomba Chola alijifuta machozi:
"Hata kwangu tuko naye mmoja kama huyu,
ila wangu anakula!"
Mke wake, kando yake, alicheka pia,
akachelewa kidogo,
kama mtu anayesikia habari kwa mkalimani.

Baba alijitazama juu ya shuka.
Upepo ukija, uso wake mkubwa ulikunjamana,
kwa mara moja alionekana kama anataka kusema kitu.

Tulirudi kwa miguu, vumbi jekundu kwenye soksi za Jumapili,
bomba refu la kiwanda likisimama bila moshi.
Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake.
Hakufungua tai.
Mama akaleta bukari, sombe, mkia wa samaki.
Hakusogea.
Akamwita kwa jina la ukoo. Kimya.
Akamwita kwa lile jina la zamani
ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia.
Kimya.
Akapeleka kiganja puani mwake, nasi tukaacha kupumua,
Mwewa akashika mlango.

Ndipo midomo ikatikisika kidogo tu, macho hayakufunguka:
"Kapend amesema 'kata'?"

Mama alibaki na mkono wake pale pale,
karibu na masharubu, muda mrefu
kuliko ilivyohitajika.
"Bado," akasema.
"Kula kwanza."